Picha Zenu, Sauti Zenu: Namna ya Kuchagua Programu ya Onyesho la Picha



Karibu kila kikundi tunachotembelea huku Kangemi, Kawangware, Riruta, Waithaka na Uthiru kina picha nyingi kwenye simu. Kuna picha za siku ya kugawana pesa za mzunguko, za kuku wa mradi, za tangi la maji likijengwa, na za wageni waliokuja kutuona. Halafu mkutano mkuu wa mwaka unafika, ama mfadhili anauliza, "Mmefanya nini tangu tuonane?" Hapo simu moja inapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akikodoa macho, na walio viti vya nyuma hawaoni kitu.

Ndiyo sababu vikundi vinauliza: tutumie programu gani ya kuzipanga picha zetu zifuatane moja baada ya nyingine, na sauti ya kueleza ikisikika, ili watu wote waone na waelewe kwa pamoja?

Katika makala hii hatutataja programu moja na kusema, "Chukueni hii." Majina hubadilika upesi. Tutawapa njia ya kuchagua wenyewe. Na kama msomaji hana wakati wa kusoma yote, ashike neno hili moja: programu inayofaa kikundi ni ile ambayo wanakikundi wenyewe wataweza kuifungua tena mwakani na kurekebisha kazi yao, bila kuomba ruhusa kwa mtu wala kulipa upya.

ONYESHO LA PICHA NA SAUTI NI NINI?

Si jambo geni. Wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka mashine ya slaidi. Kampuni ya Kodak ilianza kuuza mashine yake ya Carousel mwaka 1961, yenye sinia la mviringo la kuwekea slaidi 80. Mwalimu aliweka slaidi, akazima taa, akawasha kaseti yenye maelezo, na kila kengele ikilia anasukuma slaidi inayofuata. Kodak iliacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2004, kwa sababu picha zilikuwa zimehamia kwenye kompyuta.

Kazi yenyewe bado ni ile ile. Kinachotakiwa ni vitu vitatu: picha zilizochaguliwa vizuri, sauti ya mtu anayeeleza (na pengine muziki kidogo), na kitu cha kuviunganisha hivyo viwili ili vitembee pamoja. Kitu hicho cha kuunganisha ndicho tunaita programu. Zamani kilikuwa kengele ya kaseti na kidole cha mwalimu.

KWA NINI TUCHAGUE KWA UANGALIFU?

Kikundi kimoja cha akina mama wa Kawangware kilitaka onyesho la kusherehekea miaka kumi ya umoja wao. Walichanga pesa, wakapeleka picha kwa duka moja la video huko mjini. Onyesho likatoka la kupendeza macho, maua yakiruka huku na huku, na jina la duka likiwa pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho. Siku ya kulitazama ikaonekana kwamba jina la mweka hazina limekosewa. Jambo baya zaidi ni kuwa mama mmoja aliyefariki miezi miwili kabla alionyeshwa kama mwanachama aliye hai, na familia yake ilikuwa imeketi viti vya mbele. Akina mama waliporudi dukani, waliambiwa yule kijana aliyetengeneza ameshahama na kazi yote ilikuwa kwenye kompyuta yake. Kama wanataka marekebisho, walipe kazi mpya. Wakabaki na DVD isiyoweza kubadilishwa hata herufi moja.

Hasara haikuwa ya pesa peke yake. Kumbukumbu ya miaka kumi ya kikundi ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Jambo hilo linaweza kutokea hata bila duka, maanake programu nazo hufa. Tazameni mifano hii:

- Mwaka 2004 kampuni ya Microsoft ilitoa programu ya bure iitwayo Photo Story 3, iliyokuwa ya kuunganisha picha na sauti hasa. Haikuendelezwa.

- Windows Movie Maker, ambayo vijana wengi wa saiba walijifunzia kazi, iliacha kutolewa na Microsoft Januari 2017.

- ProShow ya kampuni ya Photodex ilipendwa sana na wapiga picha. Kampuni yenyewe ilifunga milango Januari 2020.

- Januari 2025 programu ya simu ya CapCut ilizimika kwa muda nchini Marekani, kwa sababu ya sheria ya huko iliyohusu kampuni inayoimiliki, ByteDance ya China. Ilirudi baadaye, lakini watu walilala wakiwa nayo na wakaamka haifanyi kazi.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Tunasema programu ni kama jembe la kuazima. Limeni nalo vizuri, lakini msilitegemee kama shamba. Shamba lenu ni picha zenyewe, sauti zenyewe na maneno mliyoandika.

MASWALI SABA YA KUJIULIZA KABLA YA KUCHAGUA

Kaeni chini kama kamati, mjibu maswali haya kwa karatasi. Msianze na kijana anayesema, "Mimi najua programu moja kali sana." Anzeni na haja yenu.

1. Onyesho litatazamwa wapi, na kina nani? Onyesho la kutumiwa jamaa kwa WhatsApp si sawa na la kuonyeshwa watu mia moja ukumbini. La simu liwe fupi na maandishi yawe makubwa. La ukumbini linataka sauti safi na picha zisizo na ukungu zikipanuliwa.

2. Tuna kifaa gani? Kama kikundi hakina kompyuta, msichague programu ya kompyuta kwa kutegemea laptopu ya mtoto wa katibu. Mtoto akienda chuo, kazi imekwenda naye. Afadhali programu ya simu ambayo wanachama watatu wanaweza kuwa nayo.

3. Inafanya kazi bila intaneti? Bando ni pesa. Programu nyingine zikishapakuliwa mara moja hufanya kazi hata mkiwa hamna mtandao. Nyingine zinataka intaneti kila mnapozifungua, na picha zenu zinatumwa kwanza kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo. Zimeni data kwenye simu, kisha jaribuni kuifungua. Mtajua mara moja.

4. Ni ya bure kweli? Kuna bure ya aina tatu. Kuna bure kabisa. Kuna bure yenye chapa, yaani jina la kampuni linabandikwa kwenye video yenu, na kuliondoa mnalipa au mnatazama tangazo. Na kuna bure ya siku chache, kisha malipo ya kila mwezi. Pigeni hesabu ya mwaka mzima. Tuseme ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi 12,000. Je, kikundi kinachotengeneza onyesho moja kwa mwaka kinahitaji hiyo?

5. Inapokea sauti mbili kwa pamoja? Mnahitaji njia moja ya maneno na nyingine ya muziki, na uwezo wa kushusha muziki mtu anapozungumza. Programu isiyoweza kufanya hivyo itawapa kelele.

6. Mwisho inatoa faili ya aina gani? Ombeni MP4. Video ya MP4 inafunguka karibu kila mahali: kwenye simu, kompyuta, na televisheni nyingi zenye tundu la flashi. Zipo programu zinazotoa faili ya .exe, ambayo inafunguka kwenye kompyuta ya Windows peke yake. Isitoshe, watu wengi huogopa kuifungua kwa sababu virusi hupenda kujificha humo.

7. Ni wanachama wangapi wataweza kuitumia? Wakiwa wawili, sawa. Akiwa mmoja, bado hamna programu, mna mtu. Akisafiri, akiugua au akikasirika, mradi umesimama.

AINA TATU ZA PROGRAMU

Baada ya kujibu maswali, mtaona kwamba programu zinaangukia makundi matatu.

(a) Programu za simu

Hizi ni kama CapCut, InShot, VN na KineMaster. Faida yake ni kwamba picha tayari zimo ndani ya simu, na vijana wengi wanazijua. Hasara yake ni skrini ndogo, simu kujaa, na chapa au malipo yanayojitokeza mkishamaliza kazi. KineMaster, kwa mfano, huweka chapa yake kwenye video za wasiolipa. Tena simu inaibwa: mtu anashuka gari la 46 pale Kawangware, anapapasa mfuko, hamna kitu. Kama kazi yote ilikuwa kwenye simu hiyo, imeondoka.

Kundi hili linafaa onyesho fupi la dakika moja mpaka tatu.

(b) Programu za kompyuta za kutengeneza video

Hapa kuna OpenShot na Shotcut, ambazo ni za bure kabisa, hazina chapa, na zinafanya kazi bila intaneti zikishawekwa. Zinatengenezwa na watu wanaoacha mtu yeyote aone na kunakili namna zilivyoundwa, kwa hivyo kampuni moja ikifunga, wengine wanaweza kuendelea. Kuna pia Clipchamp ya Microsoft, inayokuja pamoja na Windows 11. Hiyo ni rahisi kujifunza, lakini inataka akaunti na intaneti.

Programu za kundi hili zinataka kompyuta yenye nguvu kiasi. Kwenye laptopu ya zamani video hukwama-kwama mnapoitengeneza. Msikate tamaa mkiona hivyo. Mara nyingi ile video inayotolewa mwisho inacheza sawasawa.

(c) Programu za slaidi

PowerPoint inajulikana na walimu, makarani na wanafunzi wengi. Watu wengi hawajui kwamba inaweza kurekodi sauti juu ya kila slaidi, na kwamba tangu toleo la mwaka 2010 inaweza kugeuza onyesho zima liwe video. Asiyekuwa na PowerPoint anaweza kutumia Impress, iliyo ndani ya LibreOffice, ambayo ni ya bure.

Faida kubwa ya kundi hili ni kwamba onyesho linaweza kusubiri. Video hukimbia yenyewe. Ikifika mwisho, imefika. Lakini slaidi hukaa pale mpaka mtu abonyeze. Kwa kazi ya kikundi jambo hili ni kubwa. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanzia hapa Kenya katika miaka ya 1970, wanakumbuka namna picha moja ilivyobandikwa ukutani na mwezeshaji akauliza tu: "Mnaona nini hapa? Kwa nini iko hivyo? Kwetu iko namna gani?" Ile picha haikuwa ya kufundisha. Ilikuwa ya kuuliza. Mkitaka onyesho la namna hiyo, mfano juu ya takataka zinazotupwa mtoni, chagueni slaidi. Mkitaka taarifa ya mwaka inayojieleza yenyewe, chagueni video.

Neno moja kuhusu programu za magendo. Pale mjini, kuanzia River Road mpaka Luthuli Avenue, hakosekani mtu wa kuwawekea programu ya bei kubwa kwa shilingi mia chache. Msikubali. Ni wizi wa jasho la mtu, na mara nyingi huja na virusi vitakavyokula picha zenu zote. Programu za bure za halali zipo na zinatosha.

SAUTI NDIYO INAYOBEBA ONYESHO

Watu huvumilia picha isiyo safi sana, lakini wakishindwa kusikia huanza kuongea wao kwa wao. Kwa hivyo msitafute programu yenye maua na nyota. Tafuteni inayowasaidia kwenye sauti, kisha fanyeni hivi:

Andikeni maneno kwanza. Mtu mmoja ayasome kwa saa mkononi. Hesabu ni rahisi: kila picha ikikaa sekunde 6, picha 40 ni sekunde 240, yaani dakika 4. Maneno yakiwa ya dakika 7, punguzeni maneno. Msiongeze picha ili kujaza.

Rekodini kwa simu, sentensi chache chache, kila kipande kiwe faili yake. Msomaji akikosea, mnarudia kipande hicho tu. Na mwakani jina la mwenyekiti likibadilika, mnabadilisha kipande kimoja.

Chagueni mahali na saa. Karibu na Waiyaki Way au Barabara ya Naivasha, honi za matatu zitaingia hata mkifunga dirisha. Nyumba ya mabati nayo, mvua ikinyesha, haifai kabisa. Rekodini alfajiri, ama usiku watu wakishalala, katika chumba chenye vitanda, blanketi na nguo nyingi. Nguo humeza mwangwi. Simu ikae kiasi cha mkono mmoja kutoka mdomoni, na isiwe mbele ya pumzi moja kwa moja.

Kama sauti ina kelele ya upepo au mashine, kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo Audacity, inayoweza kuipunguza. Lakini kelele iliyozuiwa ni bora kuliko kelele iliyofutwa.

Muziki uwe chini kabisa mtu anapozungumza. Msikilizaji asiulize, "Alisema nini?" Mkisita, ondoeni muziki.

Na sauti iwe ya nani? Iwe ya mwenye habari. Mama aliyechota maji kwa mtungi miaka yote akisema kwa Kiswahili chake cha kila siku, "Sasa mtoto wangu hachelewi shule," anaaminika kuliko mtangazaji wa kukodishwa.

PICHA ZA WATU NA NYIMBO ZA WATU

Hapa wengi huteleza. Programu itakubali picha yoyote na wimbo wowote mtakaoweka. Sheria haikubali.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inafafanua zaidi, na kwa habari za mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya shule moja ya hapa Uthiru, kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 dhidi ya mkahawa mmoja wa Barabara ya Ngong, kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao bila ruhusa yake.

Basi andaeni daftari la idhini. Andikeni jina la mtu, picha ipi, itaonyeshwa wapi (ukumbini tu, au mitandaoni pia), na sahihi au alama ya kidole. Mtu akikataa, msimbembeleze wala msimwonee. Huenda ana sababu: ni mgonjwa, ametoroka ndoa ya kupigwa, au hataki jirani ajue kwamba alipewa msaada. Na akikubali leo, ana haki ya kukataa kesho. Hapo mtaona tena faida ya programu mnayoweza kuifungua wenyewe: picha yake mnaitoa jioni hiyo hiyo.

Kuhusu nyimbo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi na aliyerekodi. Kununua CD au kulipia bando si kununua haki ya kuutumia wimbo kwenye onyesho lenu. Mkiliweka mitandaoni na wimbo wa mtu, huenda likanyamazishwa au kuondolewa. Njia iliyo rahisi ni kuimba wenyewe wimbo mliotunga wenyewe. Njia nyingine ni kumwomba mwenye wimbo ruhusa kwa maandishi. Hata wimbo wa kwaya una mwenyewe.

MTIHANI WA PICHA KUMI

Mkishabaki na programu mbili au tatu zinazoonekana kufaa, msibishane. Zitahiniwe. Tunapendekeza hatua hizi:

Kwanza, chagueni picha kumi na sauti ya dakika moja. Picha ziwe zile zile kwa kila programu.

Pili, wanachama wawili waketi pamoja, wasiwe wale wajuaji wakubwa, na watengeneze onyesho hilo. Andikeni limewachukua saa ngapi na wamekwama wapi.

Tatu, toeni video ya MP4. Tazameni kama kuna chapa, na kama kuna malipo yaliyodaiwa.

Nne, ionyesheni kwenye kifaa kile kile mtakachotumia siku yenyewe. Kama ni projekta ya kukodisha, nendeni nayo kwenye ukumbi mapema. Mchana, mwanga wa madirisha hufuta picha. Tundikeni shuka nyeupe upande wenye giza. Ulizeni kuhusu waya wa HDMI na spika, na kama stima ikipotea mtafanyaje.

Tano, na hii ndiyo hatua inayoamua. Baada ya wiki moja mpeni mwanachama wa tatu, ambaye hakuwepo, kazi hii: aifungue kazi ile, atoe picha moja, aweke nyingine, na abadilishe sentensi moja ya sauti. Akiweza, mmepata programu yenu. Akishindwa, hata iwe na uzuri gani, si yenu.

TUNZENI MALI YENU

Mkimaliza onyesho, msihifadhi video peke yake. Video ni chapati iliyokwishaiva. Hamwezi kuirudisha iwe unga. Wekeni folda moja yenye vitu vitano: picha za asili kama zilivyotoka kwenye simu, vipande vya sauti, maneno yaliyoandikwa, faili ya kazi ya programu yenyewe, na video ya MP4. Nakala ya daftari la idhini ikae na katibu.

Folda hiyo iwe mahali pawili tofauti, kwa mfano flashi moja kwa mweka hazina na nyingine kwa mwenyekiti. Flashi zote mbili zikikaa kwenye sanduku moja, mwizi mmoja au moto mmoja unatosha. Kila mwaka zifungueni muone kama bado zinasoma.

Mkituma video kwa WhatsApp, kumbukeni kwamba inabanwa na kupoteza ubora. Ya kutazama tu, sawa. Ya kuonyesha ukumbini, itumeni kama hati, si kama video, ama ipelekeni kwa flashi. Kwa makadirio, video ya dakika 4 ya ubora wa kati, yaani ya 720, inaweza kufika kama megabaiti 60. Angalieni bando kabla ya kubonyeza.

Wengi huku Kangemi walipiga picha tarehe 27 Novemba 2015, siku Papa Fransisko alipotembelea parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Ulizeni leo majirani: ngapi bado zipo? Nyingine zilipotea pamoja na simu. Picha za mradi wenu ziko hatarini vile vile, na hizo hakuna gazeti lililozipiga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni picha zipi za kikundi chetu ambazo zikipotea leo hazitapatikana tena? Ziko kwa nani?

2. Tunataka onyesho la kujieleza kwa wageni, au la kutufanya tuulizane maswali sisi wenyewe? Ni programu ya aina gani inayofaa haja hiyo?

3. Ni wanachama gani wawili tutawapa kazi ya kujifunza? Je, mmoja wao anaweza kuwa mama au mzee, si kijana peke yake?

4. Ni nani kati yetu angependa picha yake isionyeshwe? Tutamuulizaje bila kumwaibisha?

Jadilini, mfanye mtihani wa picha kumi kabla ya mkutano mkuu, na mweke majibu kwenye kumbukumbu za mkutano. Atakayekuwa katibu baada ya miaka mitano atawashukuru.